Seva inakukumbuka hata ukishaondoka: sesheni za Java na kumbukumbu ya seva

Bila shaka umeshakutana na hii. Unajaza fomu kwenye mtandao, unaitwa kidogo, ukirudi unabonyeza Tuma, halafu unaambiwa: "Muda wako umeisha, tafadhali ingia tena." Unasonya, unaanza upya.

Ujumbe huo unaudhi, lakini una sababu yake. Upande wa pili wa waya kuna kompyuta ambayo muda wote huo ilikuwa imekushikia nafasi kwenye kumbukumbu yake, haijui kama utarudi au umeshalala. Nafasi hiyo inaitwa sesheni. Leo tutaangalia sesheni inakaa wapi ndani ya programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java, inakula kumbukumbu kiasi gani, na kwa nini seva inayoonekana kuwa na nguvu za kutosha inaweza kuanguka siku ya mwisho ya usajili, siku ambayo kila mtu anaihitaji.

Kama husomi kompyuta usikimbie. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Muuza duka asiye na kumbukumbu

Kivinjari chako na seva huongea kwa lugha inayoitwa HTTP, iliyoanzia kwenye maabara ya CERN, Uswisi, kwa Tim Berners-Lee mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lugha hii ina tabia moja ya ajabu: haikumbuki. Unaomba ukurasa, unapewa, mazungumzo yamekwisha. Ukiomba ukurasa mwingine sekunde moja baadaye, kwa HTTP wewe ni mgeni kabisa.

Fikiria muuza duka ambaye kila mteja akigeuka tu anamsahau. Kwa kuuza chumvi na kiberiti hakuna shida. Ila ukitaka kukopa, au kununua vitu vitano kwa awamu, hapo sasa pana kazi.

Muuza duka anatatua vipi? Anaweka daftari. Kila mteja ana ukurasa wake, na kila ukurasa una namba. Wewe hubebi daftari, unabeba namba tu. Ukifika unataja namba, anafungua ukurasa wako, anajua mlipoishia.

Kwenye wavuti namba hiyo hubebwa na kidakuzi, au kuki kama wengi wanavyoiita. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape ndiye aliyekibuni mwaka 1994, na moja ya kazi alizokuwa anazifikiria ni kikapu cha manunuzi. Seva inakukabidhi kidakuzi mara ya kwanza, na kivinjari chako kinakirudisha kila unapoomba kitu.

Kwenye programu za Java, kidakuzi hicho kwa kawaida kinaitwa JSESSIONID. Seva maarufu ya Java iitwayo Tomcat, ambayo Sun Microsystems iliikabidhi kwa Apache mwaka 1999, hutengeneza namba hiyo kwa baiti 16 za kubahatisha, na huziandika kama herufi na tarakimu 32. Ni ndefu makusudi, ili mtu mwingine asiweze kuotea namba yako na kuingia kwenye ukurasa wako.

Shika jambo hili kwanza: kwenye simu yako kuna namba tu. Daftari lenyewe liko kwenye seva.

Daftari linakaa wapi hasa?

Programu ya Java ikianza kufanya kazi hupewa eneo la kumbukumbu ya RAM linaloitwa hipu. Vitu vyote ambavyo programu inavitengeneza, yaani objekti, vinakaa humo. Hipu ina ukomo. Usipoutaja mwenyewe, Java hujichukulia robo ya RAM ya mashine kama kiwango cha juu. Kwa hiyo mashine ya GB 8 inakupa hipu ya GB 2 tu. Watu wengi hawalijui hili: wanalipia GB 8 wakidhani programu inazitumia zote.

Ndani ya hipu hiyo Tomcat ina objekti moja kwa kila programu inayoitwa meneja wa sesheni. Meneja ana jedwali: upande mmoja namba za sesheni, upande wa pili sesheni zenyewe. Nayo kila sesheni ina jedwali lake dogo ambamo mwandishi wa programu anaweka anachotaka. Kwa Java inaandikwa hivi:

HttpSession s = request.getSession();
s.setAttribute("masomo", orodhaYaMasomo);

Mstari wa kwanza unasema: nipe sesheni ya mtu huyu, na kama hana, mtengenezee. Mstari wa pili unasema: mwekee orodha hii ya masomo chini ya jina "masomo". Mistari miwili tu, na kwa sababu ni myepesi kuiandika, ndiyo maana inasababisha matatizo.

Java ina mzoa taka wake anayezunguka kwenye hipu na kuondoa objekti zisizotumika tena. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kwenye Java huna haja ya kuhangaika na kumbukumbu kwa sababu mzoa taka yupo. Ni kweli, ila ana sheria yake: haondoi kitu ambacho bado kuna mtu amekishika. Na orodha yako ya masomo imeshikwa na sesheni, sesheni imeshikwa na meneja, meneja ameshikwa na programu inayoendelea kufanya kazi. Mnyororo mzima uko hai. Kwa mzoa taka hiyo si taka, ni mali ya mtu. Hajui kwamba mwenye mali alishafunga simu na kwenda zake.

Somo moja lina uzito gani?

Hebu tupime. Chukua klasi yenye taarifa za somo moja la chuo: msimbo wa somo (herufi 6), jina la somo (tuseme herufi 30), idadi ya krediti (namba nzima, baiti 4) na ada ya maabara (namba ya desimali, baiti 8). Ukihesabu data yenyewe: 6 + 30 + 4 + 8 = baiti 48.

Sasa tuangalie Java inavyoihifadhi kwenye mashine ya biti 64 yenye mipangilio ya kawaida:

- Objekti ya somo yenyewe: kichwa baiti 12, viungo viwili vya kuelekeza kwenye maandishi baiti 4 kila kimoja, namba nzima 4, desimali 8. Jumla 32.
- Msimbo wa herufi 6: objekti ya maandishi baiti 24, halafu safu ya herufi yenye kichwa cha baiti 16 na herufi 6, jumla 22, inapandishwa hadi 24 kwa sababu Java hupanga vitu kwa mafungu ya baiti 8. Jumla 48.
- Jina la herufi 30: baiti 24, halafu 16 + 30 = 46, inapandishwa hadi 48. Jumla 72.

Ukijumlisha zote: 32 + 48 + 72 = baiti 152. Data ya baiti 48 imechukua nafasi zaidi ya mara 3. Hakuna aliyekosea hapo, Java ndivyo inavyopanga vyombo vyake.

Hapa sisi waandishi wa Kiswahili tuna bahati fulani. Tangu Java 9, maandishi yenye herufi za kawaida za Kilatini huhifadhiwa kwa baiti 1 kwa kila herufi, na Kiswahili chote kinaingia humo. Lakini ikiingia hata alama moja ya nje, tuseme emoji, au ile alama ya ritifaa iliyopinda ambayo simu huiweka yenyewe unapoandika "ng'ombe", maandishi yote hayo huhamia kwenye baiti 2 kwa kila herufi. Alama moja tu, na nafasi ya herufi zote inakuwa maradufu.

Tuendelee. Chuo chetu cha mfano kina masomo 1,300. Mwandishi wa programu anataka mwanafunzi akitafuta somo apate jibu haraka bila kwenda kwenye hifadhidata kila mara. Kwa hiyo mwanafunzi akiingia tu, programu inasoma masomo yote na kuyaweka kwenye sesheni yake. Yaani 1,300 × 152 = baiti 197,600. Tuseme KB 200.

KB 200 ni kitu gani? Picha moja ya WhatsApp. Mwandishi anajaribu kwenye kompyuta yake, inakimbia vizuri. Wenzake watano wanajaribu, safi. Programu inapelekwa kwenye seva.

Kanuni ya foleni

Swali sasa ni moja: kwa wakati mmoja zitakuwepo sesheni ngapi? Hapa tunahitaji kanuni inayoitwa kanuni ya Little. Ni ya John Little, Mmarekani aliyetoa uthibitisho wake mwaka 1961. Inasema hivi:

Idadi ya waliomo ndani = kasi ya kuingia × muda ambao kila mmoja anakaa.

Mfano wa kinyozi: kama wanaingia wateja 6 kwa saa, na kila mmoja anakaa nusu saa, basi kwa wastani ndani kuna watu 3. Kanuni hii haijali kama ni saluni, benki, kituo cha daladala au seva.

Sasa siku ya mwisho ya usajili. Tuseme wanaingia wanafunzi 10 kwa sekunde. Kila mmoja ana shughuli ya dakika 5: anaingia, anachagua masomo, anathibitisha, anafunga kivinjari. Dakika 5 ni sekunde 300, kwa hiyo watu walio kazini kwa wakati mmoja ni 10 × 300 = 3,000. KB 200 kwa kila mmoja ni MB 600. Kwenye hipu ya GB 2 tunapumua bado.

Ila hesabu hiyo ina kasoro. Tumehesabu muda ambao mwanafunzi anakaa, wakati tunachotakiwa kuhesabu ni muda ambao sesheni inakaa.

Mwanafunzi akifunga kivinjari, seva haiambiwi. Kumbuka HTTP haina kumbukumbu: hakuna anayepiga simu kusema "jamani mimi nimeondoka". Ni sawa na mteja wa duka aliyehama mtaa kimyakimya, ukurasa wake uko palepale kwenye daftari. Kwa hiyo seva inachoweza kufanya ni kusubiri. Tomcat ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida husubiri dakika 30 tangu ombi la mwisho, ndipo inaifuta sesheni.

Sasa muda wa sesheni ni dakika 5 za kazi na dakika 30 za kusubiri, jumla 35, yaani sekunde 2,100. Sesheni zilizo hai: 10 × 2,100 = 21,000. Zizidishe kwa KB 200, unapata GB 4.2. Hipu yetu ni GB 2.

Iangalie tena ile 21,000. Watu wanaofanya kazi kweli ni 3,000. Zilizobaki 18,000, yaani 6 kati ya kila 7, ni mizimu: sesheni za watu walioshamaliza na kwenda kula. Wanafunzi 3,000 walio kazini wananyimwa nafasi na watu ambao hawapo.

Seva haifi ghafla

Ungetegemea hipu ikijaa seva izimike mara moja. Kwa kawaida inaanza kuugua kwanza, na ugonjwa wenyewe unapotosha.

Hipu ya Java hupangwa kwa rika. Objekti mpya zinakaa sehemu ya vijana, ambako mzoa taka hupita mara kwa mara na kwa haraka, kwa sababu objekti nyingi hufa zikiwa changa. Zinazosalimika huhamishiwa sehemu ya wazee. Sesheni zinaishi dakika nyingi, kwa hiyo karibu zote huishia huko kwa wazee, na kusafisha huko ni kazi nzito zaidi.

Nafasi ikianza kubana, mzoa taka anaitwa mara kwa mara zaidi. Anazunguka, anakagua kila kitu, anakuta karibu vyote vina wenyewe, anaondoka na taka kiganjani. Sekunde chache baadaye anaitwa tena. Prosesa inapanda hadi 100%, kurasa zinachukua sekunde 20 kufunguka. Msimamizi akiangalia anasema "prosesa imezidiwa" na kuomba mashine yenye prosesa kubwa zaidi, wakati ugonjwa uko kwenye kumbukumbu. Mwisho kabisa kwenye logi linatokea neno OutOfMemoryError, na maombi ya watu yanaanza kukatika.

Na wanafunzi nao wanafanyaje ukurasa ukichelewa? Wanafunga kivinjari na kufungua upya. Wanajaribu kwa simu ya rafiki. Wanafungua dirisha la siri. Kila moja ya hatua hizo huleta sesheni mpya, kwa sababu kidakuzi cha zamani hakipo hapo, huku ile ya zamani ikiendelea kusubiri dakika zake 30. Yaani kadiri seva inavyozidiwa, ndivyo watu wanavyoiongezea mzigo bila kujua. Anayeumia zaidi ni yule mwenye mtandao dhaifu na bando la mwisho, maana hana nafasi ya kujaribu mara kumi.

Wageni wasioonekana

Si binadamu tu wanaoingia. Kuna roboti za injini za kutafuta zinazopitia kurasa, na roboti nyingi hazirudishi vidakuzi. Kila ukurasa zinaoomba, kwa seva ni mgeni mpya.

Roboti moja ikiomba kurasa 5 kwa sekunde, na kila ukurasa ukitengeneza sesheni ya dakika 30, basi kwa kanuni yetu: 5 × 1,800 = sesheni 9,000. Kwa roboti moja! Ndiyo maana Tomcat ina kifaa maalumu, CrawlerSessionManagerValve, ambacho huifanya roboti inayotambulika itumie sesheni ileile moja.

Ukurasa wa kawaida tu usiohitaji kuingia kwenye akaunti unaweza pia kuwa mkosaji. Kurasa za JSP hutengeneza sesheni zenyewe isipokuwa uzikataze. Kwa hiyo hata ukurasa wa "Wasiliana nasi" unaweza kuwa unafungulia kila mpita njia ukurasa kwenye daftari lako.

Sasa tufanyeje?

Kanuni ya Little imeshatupa mlango wa kutokea. Kumbukumbu inayotumika ni kasi ya kuingia × muda wa sesheni × uzito wa sesheni. Kasi ya kuingia hatuipangi sisi, ni ya wanafunzi. Yanabaki mawili: muda na uzito.

*Punguza uzito kwanza.* Kwenye mfano wetu, masomo 1,300 ni yaleyale kwa kila mwanafunzi. Hakuna sababu ya kila mmoja kuwa na nakala yake. Yasome mara moja tu, yaweke mahali pa programu nzima (kwa Java panaitwa ServletContext), na wote wasome hapo. Kilichokuwa GB 4.2 kinakuwa KB 200. Si kwa kila mtu, ni KB 200 kwa wote.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: setAttribute hainakili objekti, inaweka kiungo tu. Sesheni 21,000 zikielekeza kwenye orodha moja, orodha inabaki moja. Tatizo la mwandishi wetu ni kwamba alisoma upya kutoka kwenye hifadhidata kwa kila mtu, na kila usomaji ulizaa objekti mpya zenye maudhui yaleyale.

Vya mtu binafsi navyo viwe vichache: namba ya mwanafunzi, jina, ruhusa zake, alipofikia kwenye fomu. Mengine yasome kwenye hifadhidata yanapohitajika. Sesheni ya namna hii inakaa ndani ya KB chache. Tuseme KB 5: 21,000 × 5 ni MB 105. Mizimu yote 18,000 bado ipo, lakini haina uzito tena.

*Usifungue sesheni pasipo na haja.* Kuandika request.getSession(false) kunamaanisha: nipe sesheni kama ipo, kama haipo acha. Na kwenye JSP isiyohitaji sesheni, weka session="false" juu ya ukurasa.

*Gusa muda kwa uangalifu.* Ukishusha dakika 30 hadi 10, muda wa sesheni unakuwa dakika 15, yaani sekunde 900, na sesheni zinashuka hadi 9,000. Kwa ile programu nzito ya KB 200 ni GB 1.8. Imeingia kwenye GB 2 kwa shida, na programu yenyewe bado haijapata pa kukaa. Kwa hiyo muda peke yake haukuokoi. Isitoshe una gharama ya kibinadamu: mtu anayejaza fomu ndefu kwa mtandao wa kusuasua ndiye wa kwanza kutupwa nje. Upande mwingine, kwenye kompyuta za kushirikiana, kama za maktaba au za kwenye intaneti kafe, sesheni ndefu ni hatari, maana anayekaa baada yako anaweza kukuta akaunti yako wazi. Hakuna namba moja sahihi kwa wote. Jiulize watumiaji wako ni nani, wanatumia vifaa gani, na ukipunguza muda, kazi waliyokwisha kuijaza itahifadhiwa wapi.

Kitufe cha Toka nacho kifanye kazi ya kweli, kiite session.invalidate(). Kwa mwanafunzi anayekibonyeza, dakika 30 za mzimu zinakuwa sifuri papo hapo.

Angalia pia kurasa zinazojisasisha zenyewe kila dakika. Kila ombi, hata lililotumwa na ukurasa wenyewe, huanzisha upya saa ya kusubiri. Kichupo kimoja kilichosahaulika wazi kinaweza kuweka sesheni hai usiku kucha.

Je, tukiongeza seva?

Ndilo jibu la haraka, na mara nyingine ni sahihi. Ila uliza kwanza sesheni zinashirikishwa vipi. Kama kila mtumiaji anarudishwa kwenye seva ileile aliyoanzia, basi mzigo unagawanyika kweli, isipokuwa seva hiyo ikianguka, sesheni zake zinapotea nayo. Kama mmechagua seva ziwe zinanakiliana, jihadhari: mfumo wa Tomcat uitwao DeltaManager hunakili sesheni zote kwenda kwenye seva zote za kundi. Ukiwa na seva 4, kila moja inabeba daftari zima. Umenunua mashine nne, na kila moja ina sesheni 21,000. Zaidi ya hapo, sesheni zikisafirishwa kwenda seva nyingine, ile orodha moja iliyokuwa imeshikwa na sesheni nyingi hufika huko ikiwa nakala mbalimbali, moja kwa kila sesheni. Kwa hiyo vya wote vikae mahali pa wote, visipitie kwenye sesheni kabisa.

Njia nyingine ni kulitoa daftari nje ya Java, kuliweka kwenye hifadhi kama Redis au kwenye hifadhidata. Hipu inapumua, na seva ikizimika watu hawatupwi nje. Gharama yake ni safari ya mtandao kwa kila ombi, na kumbukumbu haijapotea, imehamia mashine nyingine. Sesheni nzito itabaki nzito huko pia.

Njia ya tatu ni kumpa mteja abebe ukurasa wake mwenyewe, ukiwa na saini ya seva ili asiweze kuuchezea. Seva haibebi kitu. Lakini kidakuzi kina ukomo wa kama baiti 4,096, husafiri kwa kila ombi kikila bando la mtumiaji, na kumfungia mtu nje kabla ya muda wake kunakuwa kugumu, kwa sababu huna ukurasa wa kuchana. Ukurasa anao yeye.

Pima, usikisie

Kama una programu ya Java inayofanya kazi, usianze kubadilisha vitu kwa hisia. Java inakuja na zana iitwayo jcmd. Amri yake ya GC.class_histogram hukuonyesha kila klasi ina objekti ngapi na zinachukua baiti ngapi. Ukikuta StandardSession 21,000 wakati watumiaji ni 3,000, umeshaijua mizimu yako. Ukikuta objekti za Somo milioni 27 kwenye chuo chenye masomo 1,300, hesabu inajieleza: 1,300 × 21,000 ni 27,300,000.

Kuwa makini na jambo moja. Kwenye orodha hiyo sesheni zenyewe zitaonekana nyepesi, kwa sababu inaonyesha uzito wa objekti peke yake, si wa vyote ilivyovishika. Ni kama kupima ndoano ukasahau samaki. Kujua uzito kamili, piga picha ya hipu nzima na uifungue kwa programu ya bure ya Eclipse Memory Analyzer, inayoonyesha kila objekti ikiondoka itaondoka na nini. Na kabla hata ya kuanza, washa mpangilio wa HeapDumpOnOutOfMemoryError, ili siku seva ikianguka ikuachie picha hiyo. Bila hivyo watu wataiwasha upya haraka, ushahidi wote utafutika, na tatizo litarudi muhula ujao.

Kwa wewe ambaye huandiki programu, kuna zoezi la dakika mbili. Kwenye kompyuta, fungua tovuti yoyote unayoingia kwa nywila, bonyeza F12, tafuta sehemu ya vidakuzi. Ukiona jina JSESSIONID, umeikuta namba ya ukurasa wako, na mahali fulani kuna mashine ya Java imekushikia daftari. Usimwonyeshe mtu namba hiyo, maana aliye nayo seva inamwona ni wewe. Na ukimaliza shughuli zako, bonyeza Toka. Unalinda akaunti yako, na kama mwandishi wa programu alifanya kazi yake, umempisha pia mtu mwingine aliye kwenye foleni.